Mkesha wa Watakatifu Nyumbani

Somo letu la leo limo katika Injili ya Luka, mlango wa 11, mistari ya 24 hadi 26. Bwana wetu anaeleza habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, kisha akarudi na kuikuta nyumba imefagiwa vizuri lakini haina mwenyeji. Akaenda kuwaita wenzake saba, wakahamia.

Mama mmoja wa kanisa letu alituletea swali. Binti yake anaishi Marekani pamoja na mumewe na watoto watatu. Kila ifikapo Oktoba 31, majirani hutundika mifupa ya karatasi milangoni, huchonga maboga na kuweka taa ndani yake, na watoto huvaa vinyago na kwenda nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Ndio usiku uitwao Halloween. Wale wajukuu nao walitaka karamu ya kutisha na kuchekesha nyumbani kwao. Baba akakataa, akafunga mlango, akazima taa zote. Walipokuwa wamekaa gizani, yule mdogo akauliza, "Baba, tunamwogopa nani?" Bibi yake alitaka kujua amjibu nini. Hatukumjibu siku ile. Tulitaka kwanza kutazama historia.

Jina lenyewe, ndugu zetu, ni la Kanisa. Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya Mkesha wa Watakatifu Wote. Tangu karne za kwanza Wakristo walikuwa na desturi ya kuadhimisha siku waliyouawa wafia imani. Lakini wafia imani walikuwa wengi kuliko siku za mwaka, na wengi wao majina yao hayakujulikana. Kwa hiyo ikatafutwa siku moja ya wote. Mwaka 609 Papa Bonifasi wa Nne aliliweka wakfu jengo la Pantheon mjini Rumi, lililokuwa hekalu la miungu, liwe kanisa la Mariamu na wafia imani wote. Mnamo mwaka 835 sikukuu ya Watakatifu Wote ikaagizwa iadhimishwe Novemba 1 katika milki ya Wafaranki. Na kama ilivyokuwa desturi, sikukuu kubwa ilianza jioni ya siku iliyotangulia.

Watu wa Ayalandi nao walikuwa na sikukuu yao ya wakati huo huo, iitwayo Samhain. Mavuno yamekwisha, mifugo imerudishwa kutoka malishoni, na giza refu la majira ya baridi linaanza. Hadithi zao zasema kwamba usiku ule viumbe wasioonekana walitoka katika vilima vyao. Hadithi hizo ziliandikwa na watawa Wakristo, karne nyingi baada ya Injili kufika kwao. Basi anayetueleza kwa hakika kila ibada iliyofanywa na wapagani usiku ule anasema zaidi ya yaliyoandikwa.

Karibu na mwaka 1000, Odilo, mkuu wa watawa wa Cluny kule Ufaransa, aliitenga Novemba 2 iwe siku ya kuwaombea marehemu. Katika Uingereza maskini wakawa wanapita milango ya watu siku hizo. Walipewa vimkate vilivyoitwa vimkate vya roho, nao wakaahidi kuziombea roho za jamaa za mwenye nyumba. Kengele za makanisa zilipigwa usiku kwa ajili ya wafu.

Lakini desturi hiyo ilikuwa imeshikamana na mafundisho ya toharani, na mafundisho hayo yakageuka kuwa biashara. Ndipo tunapokutana na Martin Luther. Ilikuwa Oktoba 31, mwaka 1517, mkesha huu huu, alipotoa hoja zake 95 kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha. Kanisa la ngome ya Wittenberg, ambalo kwa mapokeo ndiko alikozipigilia mlangoni, lilikuwa limewekwa wakfu kwa Watakatifu Wote.

Uingereza ikafuata. Sheria ya mwaka 1547 iliondoa mali zilizotengwa ili mapadre wawaombee wafu. Kengele za usiku ule zikakatazwa. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, kilichoongozwa na Askofu Mkuu Thomas Cranmer, siku ya roho za marehemu haikuonekana tena. Siku ya Watakatifu Wote ilibaki na sala yake, nasi Waanglikana tunaishika hata leo.

Wazee wetu hao wa Matengenezo walifanya vema. Rehema ya Mungu haiuzwi sokoni. Walakini, wapendwa, hapa ndipo tunapoona nyumba iliyofagiwa. Kitabu kilikuwa na sala, lakini nyumbani, penye giza na baridi, watu walibaki na nini? Wafu wao walikuwa bado mioyoni mwao, na hofu yao ilikuwa bado mlangoni.

Mwaka 1785 mshairi Robert Burns wa Uskoti alitunga shairi refu juu ya usiku huu. Ndani yake twaona familia za wakulima zimekusanyika penye moto. Uskoti ilikuwa nchi ya Matengenezo kwa zaidi ya miaka 200. Lakini vijana wale wanatia njugu mbili motoni, moja ya kijana na moja ya msichana. Zikiungua pamoja kwa utulivu, ndoa itakuwa njema. Moja ikiruka, hakuna ndoa. Wengine wanakwenda shambani wamefumba macho, wang'oe mashina ya mboga iliyo ndugu ya sukuma wiki. Shina likiwa limepinda, mchumba naye atakuwa amepinda! Hatusemi kwamba Matengenezo ndiyo yaliyoleta mambo haya, maana mengine yalikuwapo tangu zamani. Twasema tu kwamba kiti kilikuwa wazi, na ubashiri ukakikalia.

Kisha ikaja njaa kuu ya Ayalandi, kuanzia 1845 hadi 1852, viazi vilipooza mashambani. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja walihama, wengi wao wakaenda Amerika. Walichukua desturi zao pamoja nao. Kwao walichonga taa kwa tanipu, mboga ya mzizi. Huko ng'ambo wakakuta boga, kubwa na rahisi kuchonga. Wafanya biashara nao wakaona nafasi. Mwaka 1909 kampuni ya karatasi ya Dennison ilitoa kitabu cha kuwafundisha watu jinsi ya kupamba nyumba na kuandaa karamu ya usiku huo. Hivyo mkesha ukawa sherehe ya paka weusi na mifupa ya karatasi, na watakatifu wakasahauliwa.

Lakini sikilizeni habari hii pia. Mwaka 1950, katika jimbo la Pennsylvania, mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, Clyde Allison, na mkewe Mary Emma, walifikiri juu ya watoto wanaopita milangoni. Je, hawawezi kuomba kwa ajili ya wengine? Wakawapa watoto vibweta vya maziwa wakusanye sarafu za kuwasaidia watoto wenye shida kupitia UNICEF, na kazi hiyo ikaenea Marekani nzima. Wale hawakufunga mlango. Waliijaza nyumba.

Basi tulimjibu yule mama hivi. Baba wa watoto ana haki ya kukataa mambo ya ubashiri na kuita wafu. Neno la Mungu limeyakataza, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 18. Lakini asizime taa. Usiku ule awashe taa mlangoni. Watoto wavae nguo wapendazo, wacheke, wale maboga na matufaha. Mtoto wa jirani akibisha, apewe kitu kwa mkono mkunjufu. Kisha wakae pamoja, na mama awatajie kwa majina babu na nyanya waliotangulia katika imani. Hawaitwi waje. Anashukuriwa Mungu aliyewapa.

Tena wasimuliwe hadithi moja ya usiku, ya kweli. Siku mbili kabla ya mkesha huo, Oktoba 29, mwaka 1885, Askofu James Hannington aliuawa huko Busoga. Alikuwa ameondoka Rabai, karibu na Mombasa, akapita kwa miguu katika nchi yetu. Pamoja naye waliuawa wapagazi zaidi ya 40. Jina la askofu limo katika kalenda ya Kanisa. Majina ya wapagazi wale wengi wetu hatuyajui. Siku yao ni Novemba 1. Ni kwa ajili ya watu kama hao sikukuu hii iliwekwa.

Na yule mjukuu aliyeuliza wanamwogopa nani, ajibiwe hivi: "Hatumwogopi mtu, mwanangu. Tunawasha taa kwa sababu tuna jamaa wengi, na Bwana wao ni Bwana wetu."

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeingia kaburini ukatoka mzima, ingia katika nyumba zetu ukae. Usituache tukafagia tu bila kukukaribisha. Utupe kuwakumbuka kwa shukrani waliolala katika Wewe, na kuwafungulia mlango walio hai. Amina.