Udongo wa Ukambani na Matumbawe ya Malindi

Ewe msomaji, ukiwa mwenyeji wa Kitui au Makueni, huenda wadhani kwamba habari za matumbawe ya baharini hazikuhusu. Lakini utazame Mto Athi. Mto huo huzitenga nchi hizo mbili kwa masafa marefu, hupokea maji ya Thwake, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha huitwa Sabaki, na mwisho hujimwaga baharini kaskazini ya Malindi. Mvua kubwa inyeshapo maji yake huwa mekundu, na wekundu ule ni udongo wa mashamba.

Tumbawe si jiwe tupu. Hujengwa na viumbe wadogo mno, nao hukaa pamoja na mimea midogo isiyoweza kuishi pasipo mwanga wa jua. Tope likitanda majini, mwanga hupungua. Likituama juu yao, huwasonga. Tena tumbawe huongeza tabaka kila mwaka, kama mti uongezavyo duara ndani ya shina, na katika tabaka hizo hubaki alama ya udongo ulioletwa na mto. Wataalamu walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, na mwaka wa 2007 wakatangaza waliyoyasoma humo. Toka 1700 hata 1900 kiasi cha udongo hakikubadilika sana. Baadaye kikazidi daima, hata kati ya 1974 na 1980 kikafikia mara tano hadi mara kumi ya kile cha asili.

Udongo huo ulitoka katika bonde zima la mto, wala si Ukambani peke yake. Hata hivyo Ukambani palikuwa na jeraha kubwa. Walowezi walikuwa wametwaa ardhi nyingi, na watu na mifugo wakasongamana katika sehemu iliyobaki, vilima vikawa vitupu. Mwaka wa 1938 serikali ya Kiingereza ikaona dawa ni kuwanyang'anya watu ng'ombe wao. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ililiacha shauri la kunyang'anya.

Kuchimba matuta nako kulianza kwa amri, kukachukiwa. Baadaye watu walipoona kwamba tuta huzuia maji yanayolisha mahindi yao, walichimba kwa hiari katika vikundi vya mwethya. Mwaka wa 1994 watafiti waliandika kwamba katika wilaya ya Machakos, ambayo zamani ilikuwa pamoja na Makueni, mmomonyoko ulikuwa umepungua, ingawa watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930. Huko Kitui nako, vijiji vingi vimejenga mabwawa ya mchanga katika mito mikavu.

Baharini, hifadhi za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka wa 1968, na uvuvi ukakatazwa ndani yake. Sababu ni njema: wako samaki wanaokula wanyama wa miiba watafunao mwamba, nao wakivuliwa kupita kiasi mwamba huliwa. Lakini mpaka wa hifadhi hauzuii tope, wala haukuzuia joto la mwaka wa 1998, matumbawe yalipopauka na mengi kufa. Joto la bahari halizuiliki kwa nguvu za Kenya peke yake. Nyavu na udongo twaweza kuviangalia sisi wenyewe, ili mwamba uliopigwa na joto usipigwe pia na tope na njaa ya wavuvi.

Basi, msomaji, mkulima wa Makueni achimbaye tuta hulinda shamba lake kwanza, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini ujue kwamba mvuvi wa Malindi naye hupata fungu katika kazi hiyo. Na yeyote atakayepewa madaraka juu ya mto au bahari akumbuke mwaka wa 1938: ardhi haikuponywa kwa kunyang'anya, ilianza kupona wenyeji walipoona faida ya kuitunza.