Maziwa Matatu Yaliyogeuka Moja: Historia Fupi ya Kuweka Alama Juu ya Picha

Leo naweka msimbo kando kidogo tuzungumze historia. Msikimbie, tutarudi kwenye kompyuta kabla ya mwisho.

Naandika haya nikiwa nyumbani Illasit, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Asubuhi isipokuwa na mawingu unauona mlima Kilimanjaro wote, na ukivuka mpaka tu unaelekea Tarakea, nchi nyingine. Mwaka jana sisi vijana watatu tunaofanya kazi pamoja Kitengela tulipewa kazi ya bango la agroveti moja ya huku. Wenye duka ni ndugu watatu. Tukawatumia picha ya bango kwa WhatsApp, nao wakajibu kwa sauti. Wa kwanza: "Hiyo ya juu ni kubwa sana, vijana." Wa pili: "Hapo juu pamezidi." Wa tatu: "Juu punguzeni kidogo." Sisi tukafurahi, tukasema wazee wamekubaliana! Dizaina wetu akapunguza sehemu yote ya juu, tukachapisha.

Bango lilipotundikwa, namba ya simu haikusomeka kutoka barabarani. Kumbe wa kwanza alikuwa anasema picha ya ng'ombe, wa pili jina la duka, na wa tatu ile rangi ya kijani. Hakuna hata mmoja aliyetaka namba ya simu iguswe. Tulichapisha upya kwa pesa zetu, na faida yote ya kazi ile ikaishia hapo.

Siku ile nilikumbuka ramani moja ya zamani, na mmoja wa walioitengeneza ana uhusiano na mlima huu ninaouona dirishani.

Johannes Rebmann alikuwa mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai, karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, aliuona Kilimanjaro na theluji yake, akaandika habari hizo Ulaya. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa kabisa kwamba kuna theluji karibu na Ikweta. Lakini leo nataka tuangalie kazi nyingine ya Rebmann.

Mwaka 1854 mwenzake, Jakob Erhardt, alikaa Tanga miezi kadhaa akiwauliza watu wa misafara habari za bara. Kila aliyesafiri kutoka pwani, awe ameanzia kusini, katikati au kaskazini, alimwambia kwamba mbele kabisa kuna maji makubwa. Erhardt na Rebmann walipokaa pamoja kuzitafakari habari hizi, walifikia jibu moja: maji yote hayo ni ziwa moja! Wakachora ramani yenye ziwa kubwa ajabu katikati ya Afrika, limejipinda kama konokono asiye na nyumba. Ramani hiyo ilifika London mwaka 1855, na mwaka 1856 ikachapishwa Ujerumani katika jarida la Petermann. Mpaka leo wanahistoria wanaiita ramani ya konokono.

Ndugu msomaji, tazama kosa lilipo. Wale wasafiri hawakusema uongo. Mmoja alikuwa na Nyasa kichwani, mwingine Tanganyika, mwingine ziwa ambalo leo tunaliita Victoria. Waliojumlisha majibu ndio waliosikia neno "maji makubwa" mara tatu wakadhani ni kitu kimoja. Ni kama sisi na neno letu "juu".

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliwatuma Richard Burton na John Hanning Speke kwenda kuhakikisha. Waliondoka pwani mwaka 1857, na Novemba wakafika Kazeh, eneo la Tabora ya leo. Huko walipokelewa na mfanyabiashara Mwarabu kutoka Oman, Snay bin Amir, mtu aliyezijua njia za bara. Speke akaifungua ramani ya konokono mbele yake, na kwa msaada wa mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, akamuuliza: Nyasa iko wapi hapa? Snay akajibu kwamba Nyasa ni ziwa jingine, liko kusini, si lile la Ujiji. Na Ukerewe? Hilo nalo ni jingine, liko kaskazini, na ni kubwa kuliko la Ujiji.

Mazungumzo ya muda mfupi tu, na konokono akakatika vipande vitatu! Februari 1858 walifika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke na Bombay waliliona lile la kaskazini, wakiwa upande wa Mwanza. Nalo Nyasa, David Livingstone alilifikia Septemba 1859.

Jiulize, Snay alikuwa na nini ambacho wale wa Tanga hawakuwa nacho? Ujuzi wa njia walikuwa nao pia. Tofauti ni kwamba Snay aliwekewa picha mbele yake, akaulizwa jina moja baada ya jingine, na kila jibu likapata mahali pake. Hata ramani yenye kosa ilisaidia, kwa sababu kosa lililochorwa linaweza kuoneshwa kidole. Kosa lililo ndani ya maneno matupu unalioneshaje?

Sisi watu wa kompyuta tulichukua muda kulielewa jambo hili. Mtandao wa Flickr, ulioanza mwaka 2004, uliwaruhusu watu kuchora kisanduku juu ya picha na kuandika maelezo hapo hapo. Mwaka 2016 Figma ilifunguliwa kwa watu wote, na leo wabunifu wengi hubandika maoni yao juu ya mchoro wenyewe. Februari 2017 shirika la W3C lilipitisha kiwango cha maelezo ya wavuti, ambacho kinaruhusu maelezo yalenge sehemu fulani tu ya picha.

Kwa wanaoandika programu, kuna mtego mmoja. Usihifadhi mahali pa alama kwa pikseli. Alama iliyo pikseli 600 kutoka kushoto iko katikati ya picha yenye upana wa 1200, lakini picha ikipunguzwa hadi 600 alama imefika ukingoni. Hifadhi sehemu ya upana na ya urefu, yaani 0.5, nayo itabaki katikati hata kwenye simu ndogo. Pia hifadhi jina la aliyesema na toleo la picha aliyokuwa akiitazama.

Siku hizi kikundi chetu kina sheria tatu. Kila oni lina alama yake juu ya picha, lina jina la mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kuunganisha maoni mawili kabla hajawauliza wenyewe kama wanasema kitu kimoja. Hata huhitaji programu ya bei. Wale ndugu wa agroveti sasa wanachora duara kwa kidole juu ya picha ndani ya WhatsApp, kisha wanaandika neno moja au mawili.

Majuzi tuliwafanyia kazi nyingine. Zikarudi duara tatu, na kila moja iko mahali pake. Dizaina alizitazama akacheka: "Leo maziwa ni matatu." Tukarekebisha yote matatu, tukachapisha mara moja tu.

Haya, tukutane tena wakati mwingine. Na wewe unayesubiri maoni ya mteja leo, kabla hujagusa kazi, mwambie akuoneshe kwa kidole.