Gitare ya Jadotville iliyovuka bahari

Mwaka wa 1952, Likasi ikiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey, mtu wa kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta barabarani kijana akipiga gitare: Mwenda Jean-Bosco. Hakuwa na orkestra. Kidole gumba kilipiga besi, cha shahada kikapiga sauti ya juu. Ungedhani wapigaji ni wawili. Aliimba kwa Kiswahili, lugha ya kambi za wafanyakazi wa migodi. Wimbo «Masanga» ukatoka kwenye sahani, ukasikilizwa hata Kenya. Mwaka wa 1969 alicheza Newport, Marekani. Alifariki mwaka wa 1990 katika ajali ya gari, Zambia.

Wasikilizaji, nanyi mulio mbali na kwenu: kijana akipiga gitare mulangoni, musimufukuze. Mtu anahama, wimbo unamufuata.