Siasa za vyama na sera ya tabianchi Wete, Pemba

Wete, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Pemba, inajulikana kama ngome ya upinzani tangu chama cha CUF kilipozoa majimbo yote 21 ya Pemba mwaka 1995. Kuanzia Machi 2019 wafuasi wake wengi walihamia chama cha ACT-Wazalendo. Marekani, chama cha mtu hutosha kukisia kama anaamini kwamba dunia inapata joto. Wete haiko hivyo. Huku ubishi mkali ni juu ya nani ashike sera ya tabianchi na fedha zake zipitie kwa nani.

Maji ya chumvi

Bamvua likijaa, bahari hupanda mikondo na kumwagika kwenye mabonde ya mpunga. Miche hukauka kuanzia ncha, na msimu unaofuata tuta la udongo huinuliwa tena kwa majembe. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2012 uliorodhesha maeneo 148 ya Zanzibar yaliyoingiliwa na bahari, mengi yakiwa Pemba.

Ofisi ya Makamu wa Kwanza

Mazingira si jambo la Muungano wa Tanzania; Zanzibar huyasimamia yenyewe. Serikali ya Umoja wa Kitaifa, iliyotokana na kura ya maoni ya Julai 2010, iliyaweka chini ya Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Wete. Mkakati wa Zanzibar wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 2014 ulitoka katika ofisi hiyo: kiongozi wa CUF akiisimamia kazi ya serikali ya Rais Ali Mohamed Shein wa chama tawala, CCM. Ni mafanikio makubwa ya maridhiano, na hayatajwi vya kutosha.

Uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 20, 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu. Mazingira yakahamia kwa Makamu wa Pili. Maalim Seif alirejea kwenye kiti hicho Desemba 2020, akafariki Februari 17, 2021. Othman Masoud Othman akamrithi.

Misitu

Mradi wa HIMA (2010–2014), uliofadhiliwa na Norway, uliahidi vijiji mapato ya hewa ukaa kwa kulinda misitu yao. Mauzo yaliyotarajiwa hayakupatikana. Sheha, kiongozi wa shehia, naye huteuliwa na mkuu wa mkoa, hachaguliwi na wakazi. Katika shehia iliyopigia kura upinzani, kamati ya msitu inayoonekana kuwa ya sheha huanza kazi bila kuaminiwa.

Mafuta

Kuhusu mafuta vyama havikugawanyika: CCM na upinzani Zanzibar walisimama pamoja kudai yaondolewe kwenye mambo ya Muungano. Oktoba 2018 serikali ya Zanzibar ilisaini mkataba wa kugawana uzalishaji na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba-Zanzibar.