Majani ya Chuma

Mzee, fundi wa springi za gari, alianza kwa chaki. Alilichukua jani la springi la upande wa kulia, lile ambalo bado lilikuwa zima, akalilaza kwa ubavu kwenye sakafu ya saruji na kuuzungushia mstari mkunjo wake. Kisha akaliondoa, akaweka pale pale jani la kushoto. Ncha zake zilitoka nje ya mstari, kidole kimoja na nusu kila upande, na tumbo lake lilikuwa limenyooka. "Limechoka hili," alisema, kama mtu anayemzungumzia punda wa kazi.

Hakuwasha moto. Alipanga vyuma viwili sambamba chini ya mti wa mkungu, akalilaza jani juu yake, mgongo chini na tumbo juu, akaanza kulipiga kwa nyundo kubwa pale lilipoachwa na nafasi katikati ya vyuma. Kila pigo lilikuwa umbali wa kidole kutoka pigo lililotangulia, kuanzia katikati kuelekea nchani. Kila baada ya mapigo kumi alirudi kwenye chaki. Saa nzima ilipita, na zaidi. Nilimuuliza kwa nini asilitie moto likalainika, kazi ikaisha. "Mwanangu, moto utanipa umbo leo," akajibu, "kesho kutwa springi imelala tena."

Jibu hilo ndilo elimu yote ya springi. Chuma chake hupashwa moto kiwandani hadi kiwe chekundu, kikazimwa ghafla kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kisiwe kigumu cha kukatika. Huko ndiko kinakopata tabia ya kupinda na kurudi. Ukikipasha gereji kwa mtungi wa gesi na kukiacha kipoe chenyewe, umeifuta tabia ile. Kitabaki na sura ya springi, lakini akili yake imetoka.

Niliyatazama mapigo yale nikijua kwamba naangalia kazi yenye historia ndefu hapa Unguja, ingawa hakuna jumba la makumbusho lililoiwekea kibao. Kisiwa chetu ni matumbawe, mchanga na udongo, chuma hakichimbwi. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemeni, pamoja na mashoka na visu, vikiletwa kuuzwa kwenye pwani hii. Karne ya 12 al-Idrisi aliandika habari za chuma cha Malindi na Mombasa. Kikitoka kaskazini au kikitoka bara, kwetu kimefika kwa chombo. Kitu kilichovuka bahari hakitupwi kwa sababu kimepinda.

Springi yenyewe ilichelewa kufika. Mizigo ya Mji Mkongwe ilibebwa na wahamali, begani na kwa mikokoteni, na huko shamba ilikuwa kazi ya punda na gari za ng'ombe. Gari ya ng'ombe haina springi hadi leo, na haina haja nayo, kwa kuwa mwendo wake ni mdogo na mshindo wake ni mdogo. Springi ya majani ilitengenezwa kwa ajili ya mwendo. Mafundi wa magari ya farasi wa Ulaya ndio walioikuza, na mwaka 1804 Obadiah Elliott wa London alipewa hataza ya kulibeba gari juu ya springi zenye umbo la duaradufu. Gari ya injini ilipozaliwa karibu miaka themanini baadaye, iliikuta springi imeshakomaa, ikairithi.

Kwetu injini ilibeba abiria juu ya reli kabla ya kuwabeba barabarani. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilijenga njia ya maili 7 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikaanza kazi mwaka 1905. Kabla muongo wa 1920 haujaisha, reli ile ilikuwa imeshawapoteza abiria wake kwa gari za barabarani. Tangu hapo ndipo mzigo wa kisiwa ulipokaa juu ya springi.

Na ulikuwa mzigo kweli. Lori lilikuja na chesisi na kichwa. Bodi ilikuwa kazi ya seremala wa hapa: nguzo za mbao, paa la chini, mabenchi mawili marefu yanayotazamana, ngazi nyuma, na juu ya paa nafasi ya matenga, mikungu ya ndizi, kuni na baiskeli. Watu wakajaa ndani, wengine wakaning'inia. Kiwanda kilichopanga idadi ya majani hakikuwahi kuyafikiria matenga yale. Basi mafundi wakaongeza jani, na baadaye jani jingine. Springi ikawa ngumu, abiria wakarushwa, lakini gari haikulala. Huko mashariki na kusini, kwenye ardhi ya maweni, njia nyingi zilipita juu ya jiwe lenye meno, na kila jino lilipokelewa na jani. Upepo wa bahari nao ukaleta chumvi iliyopenya kati ya jani na jani, ikala chuma polepole mahali jicho lisipofika.

Nilikuwa na miaka tisa gari ya shamba niliyopanda na bibi yangu, tukielekea Makunduchi, ilipokatika jani tulipokuwa tumeipita Jozani. Ulisikika mlio mmoja mkavu, kisha gari ikainamia upande wetu. Watu walishuka, hakuna aliyepiga kelele. Utingo aliingia njia ya Pete, akarudi na kipande cha mkoko kinene kama paja la mtoto. Wakakibana kati ya ekseli na chesisi, wakakifunga kwa kamba ya nazi. Tulifika usiku. Bibi alimwambia dereva, "Ahsante baba, Mungu akuzidishie." Nimekaa juu ya springi nyingi nzuri tangu siku ile, na bado naukumbuka mguno wa mti ule kila gari ilipoingia shimoni.

Miaka ile ndiyo iliyowakomaza mafundi wetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 biashara ya nje ilishikwa na Serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 hata chakula cha kutoka nje kilibanwa. Fedha za kigeni zilitegemea karafuu. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za kreteki. Indonesia ikapanda mikarafuu yake mwenyewe, na ulipoingia muongo wa 1980 bei ikaporomoka. Ikiwa mchele ulikuwa wa foleni, nani angeagiza bushi ya springi?

Bushi ni kitu kidogo, kipete kinachokaa kwenye jicho la jani, pini ikapita katikati yake. Ikilika, chuma kinasaga chuma na gari inayumba. Mafundi waliitoa kwenye tairi kuukuu la lori, pale penye mpira mnene. Walikata kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya sabuni, maana kisu kikavu kinang'ang'ania mpirani. Tundu la katikati walilitoboa kwa kipande cha bomba kilichonolewa mdomo. Vipete vitatu au vinne vikapangwa, vikapakwa sabuni tena, vikasukumwa ndani ya jicho kwa jiriwa, taratibu, hadi vikatuna na kukaa. Bushi hiyo haikudumu kama ya kiwandani, lakini tairi lilikuwepo na kiwanda hakikuwepo. Wenye uwezo walikwenda kwa fundi wa mashine ya kukereza, wakapata bushi ya nailoni, iliyodumu zaidi ila ilipitisha kila mtikisiko hadi kwenye mifupa. Kukereza si neno la kuja na mashine hizo; wakereza wa pwani walikuwa wakizungusha miguu ya vitanda tangu zamani. Pini nazo zilikerezwa kutoka ekseli zilizovunjika.

Mwaka 1984, chini ya uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi hapa Zanzibar, milango ya biashara ilifunguliwa. Gari za Kijapani zikaja, mpya chache na kuukuu nyingi, na seremala akaivalisha Toyota Dyna bodi ile ile ya mbao. Wafanyabiashara wakawa wanakwenda Dubai na Sharjah kuleta spea zilizotumika, njia ambayo majahazi ya babu zao yaliijua kwa pepo za kaskazi na kusi.

Ingetarajiwa kwamba ufundi wa kubuni ungekufa hapo. Haukufa, na nafurahi, ila nasema wazi kwamba si kila kilichobuniwa gereji nakikubali. Bushi ya tairi ikichoka inakupigia kelele kwanza. Boljointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu la mbele, ikijazwa vipande vya mpira haikwambii kitu. Inachomoka siku moja na gurudumu linalala, na ndani mna watoto wanaotoka skuli. Jani lililochomelewa nalo ni hivyo hivyo. Moto wa kuchomelea unakifanya chuma cha pembeni yake kuwa kama kigae, na jani hukatika pale pale kando ya kovu. Mzee wa chaki hachomelei jani, hata akiongezwa fedha. Nimemwona akimrudisha mtu.

Jani lililokatika kwake huanza kazi nyingine. Refu hupunguzwa kwa msumeno wa chuma, likatobolewa upya tundu la kati na kuingia kwenye springi ya gari ndogo zaidi. Vipande vifupi hutiwa kwenye debe kuukuu la rangi karibu na mlango, kwa ajili ya wahunzi. Chuma hiki hushika makali, na mapanga na visu vingi vya kisiwa hiki viliwahi kubeba watu.

Siku ile ya chaki aliingia mtu mzima kutoka Nungwi, mjenzi wa majahazi. Aliamkiana na mzee, wakaulizana habari za nyumbani, kisha akachutama mbele ya debe. Alitoa kipande kimoja kimoja, akikining'iniza kwa vidole viwili na kukigonga kwa msumari. Kilicholia butu alikirudisha. Cha nne au cha tano kililia kwa muda mrefu. Akakisugua kutu kwa kidole gumba, akakipima kwa shubiri.

"Hiki, ami, kinatoa tezo mbili," alisema.

Alikifunga kwenye kipande cha gunia, akalipa, akaenda kutafuta gari ya 116 ya kurudi Nungwi.