Hukumu ya mtazamaji: Historia ya uhakiki usioandikwa jijini Nairobi

PANDA matatu ya Kangemi au Kawangware saa moja jioni, wakati magari yamefungana na hakuna anayesonga. Tega sikio. Hutasikia neno ‘dhamira’ wala ‘usawiri wa wahusika’. Utasikia: “Buda, hiyo muvi ni noma, lakini mwisho walituchezea.” Mwingine atajibu: “Zii, steringi hakufaa kumsamehe yule mama.” Kondakta, ambaye hakuulizwa, atatupia yake: “Mimi niliacha kuicheki kitambo. Kila siku ni kulia tu.”

Sentensi tatu hizo zina uhakiki kamili. Ya kwanza inahukumu msuko na hatima yake. Ya pili inahukumu maadili ya mhusika na kama kitendo chake kinaoana na tabia tuliyomwona nayo. Ya tatu inahukumu toni: huzuni isiyopumzika humchosha mtu. Vyuoni tunayafundisha mambo haya kwa istilahi nzito na kuyatahini kwa alama 20. Kwenye matatu yanasemwa bure, kisha yanapotea abiria wanaposhuka.

Hoja yangu wiki hii ni kwamba mtazamaji wa kawaida wa Nairobi ana historia ndefu ya uhakiki. Historia hiyo haijaandikwa kwa sababu kila kizazi cha wenye kalamu kiliamini kuwa mtu huyu ni wa kufundishwa, kulindwa au kuchekwa, wala si wa kusikilizwa.

Tuanze na serikali ya kikoloni. Sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema ilitungwa nchini mwaka wa 1912, filamu zenyewe zikiwa bado bubu. Katika miongo iliyofuata, filamu iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Nia ilikuwa wazi: Mwafrika asimwone Mzungu akiiba, akilewa au akipigwa. Udhibiti huo ulikiri kimyakimya jambo ambalo watawala hawakutaka kulisema kwa sauti, kwamba Mwafrika angeitazama filamu na kufikia uamuzi wake. Asiyeweza kuhukumu haogopwi.

Kati ya 1935 na 1937 likaja jaribio kubwa la sinema ya elimu lililoongozwa na Notcutt na Latham kutoka Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zao fupi zilihusu kodi, safura, akiba ya posta na kilimo, na lori lao likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waandaaji waliandika jinsi watazamaji walivyozipokea, na huenda hizo ni miongoni mwa kumbukumbu za mapema zaidi za maoni ya watazamaji katika eneo letu. Lakini ziliandikwa na mwalimu anayetaka kujua kama somo limeingia. Swali lilikuwa “wameelewa?” Halikuwa “wameipenda?”

Kisa cha kuku kinaonyesha tofauti ya maswali hayo mawili. Msomi John Wilson alisimulia kuhusu filamu fupi ya afya iliyoonyeshwa wanakijiji fulani barani Afrika, ikiwafundisha polepole jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama ili kupunguza mbu. Walipoulizwa waliona nini, walijibu kwamba waliona kuku. Walioileta filamu hawakujua kuna kuku ndani yake. Walipoikagua picha kwa picha walimkuta, ameruka pembeni mwa picha kwa muda wa kama sekunde moja. Marshall McLuhan alikisambaza kisa hicho katika kitabu chake cha 1962, na tangu hapo kimetajwa kama ushahidi kuwa Mwafrika asiyesoma hajui kutazama picha nzima.

Mimi nakisoma vingine. Katika filamu iliyotengenezwa makusudi iwe taratibu, ambamo mtu anafanya kazi ambayo kila mwanakijiji anaijua, kuku ndiye kitu pekee kilichotokea ghafla. Walioulizwa walitaja tukio la pekee lililokuwa na uhai. Kwa lugha ya leo ya Kangemi wangesema: “Hiyo muvi ilikuwa imeboo, isipokuwa pale kwa kuku.” Huo ni uhakiki, na mwongozaji mwerevu angeufanyia kazi.

Mjini hali ilikuwa tofauti, kwani huko mtu alilipa pesa zake. Majumba ya sinema yalitapakaa katikati ya Nairobi: Kenya Cinema kwenye Moi Avenue, Cameo, Embassy, Odeon, Globe, 20th Century, na Shan kule Ngara. Wenye magari walienda Belle Vue au Fox, ambako filamu ilitazamwa mtu akiwa ndani ya gari lake. Mengi ya majumba hayo yamefungwa au kugeuzwa makanisa, maduka na ofisi. Shan ikawa ukumbi wa wanasarakasi. Hata hivyo majina hayajafa. Mtu ambaye hajawahi kuona filamu Odeon bado humwambia kondakta, “Nishukishe Odeon,” na mzunguko wa Globe unaitwa Globe hadi leo.

Ni sinema hizo za Afrika Mashariki zilizotuzalia neno ambalo kwangu ni istilahi bora kuliko nyingi zilizobuniwa na kamati: steringi. Chimbuko lake ni neno la Kiingereza lililoandikwa kwenye mabango kabla ya jina la mwigizaji mkuu. Watazamaji walilichukua wakalifanya jina la mtu mwenyewe. Tanzania wakasema stelingi, sisi tukasema steringi.

Walimu hudai kuwa steringi ni ‘mhusika mkuu’ kwa Kiswahili cha mtaani. Si kweli, au si kweli yote. Mhusika mkuu ni yule anayejitokeza zaidi katika hadithi. Steringi ana masharti ya ziada: lazima apigane upande wa haki, lazima ateseke kwanza, na lazima abaki hai. “Steringi hafi” ni kanuni ya utanzu, fupi na wazi. Akifa, mtazamaji hasemi tu kuwa amehuzunika. Anasema amedanganywa, maana mapatano kati yake na msanii yamevunjwa. Wataalamu wa Ulaya wameandika vitabu vizima kuhusu matarajio ya msomaji. Mtazamaji wetu alilimaliza jambo hilo kwa maneno mawili.

Televisheni iliingia nchini mwaka wa 1962, na miaka miwili baadaye shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 tunaijua tena kama KBC. Kwa miaka mingi runinga zilikuwa chache, hivyo nyumba yenye runinga ilikuwa ukumbi wa majirani. Watoto waliketi sakafuni, akina mama wakasimama mlangoni, na mazungumzo hayakungoja kipindi kiishe.

Mwaka wa 1987 ikaja tamthilia ya Tushauriane, iliyolenga kuhimiza upangaji uzazi. Iliundwa kwa mbinu iliyoasisiwa Mexico na Miguel Sabido, ambapo mhusika mzuri hutuzwa, mbaya huadhibiwa, na yule wa katikati hubadilika taratibu ili mtazamaji amfuate. Hapa tena mtazamaji aliwekwa darasani. Lakini jina lenyewe lilikuwa na busara kuliko mbinu: kushauriana ni kitendo cha pande mbili. Watu wakishaketi pamoja mbele ya hadithi, hawapokei ushauri tu, wanautoa pia.

Vitimbi na Vioja Mahakamani ndizo zilizowapa Wakenya wa tabaka zote wahusika wa kuwajadili. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi ya Kijaluo aliyoiigiza iliwashawishi wengi kuwa Mzee Ojwang’ Hatari ndiye yeye mwenyewe. Hapo kuna hukumu mbili zinazovutana. Kuamini kuwa mwigizaji ndiye mhusika ni sifa ya juu kabisa kwa ufundi wake. Lakini ni kosa linalowaumiza waigizaji, hasa wanawake wanaoigiza wabaya na kisha kusonywa sokoni. Sitaki kumtukuza mtazamaji kupita kiasi. Hukumu yake inaweza kuwa kali, ya kikabila, tena isiyo na huruma kwa mwanamke. Nasema tu kwamba ni hukumu, na yafaa ichunguzwe kama nyingine zozote.

Miaka ya 1990 ilipanua uwanja. KTN ilikuwa imeanza 1990 kama kituo cha kwanza cha kibinafsi. Tausi ya KBC ilileta Kiswahili kilichotuna. Tamthilia za Mexico ziliwafanya watu wakimbilie nyumbani kabla ya saa fulani. Baadaye zikafuata filamu za Nigeria. Kila wimbi liliacha kipimo katika lugha ya mazungumzo. Tukio lenye sadfa nyingi mno likaitwa “sinema ya Kihindi”. Hadithi ya uchawi na mama mkwe ikawa “inakaa Naija”. Mwanasiasa anayejiangusha mbele ya kamera akaambiwa atuondolee sinema. Jamii inayotumia tanzu za filamu kupimia maisha yake imekwisha kuzichambua tanzu hizo.

Mtaani Kawangware na Kangemi, vibanda vya video vilichukua nafasi ya majumba ya mjini. Humo ndimo DJ Afro alipopata ufalme wake, kwa kuzifasiri filamu za Marekani, China na India kwa Kiswahili na Sheng. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana mavijei wao. Anayedhani kazi hiyo ni tafsiri tu hajaisikiliza. Msimulizi huyo humcheka steringi anapozubaa, humwonya adui anapojitia kimbelembele, na huwapa wageni tabia za mtaa wetu. Ni mfasiri na mhakiki kwa pamoja, na tofauti na wahakiki wetu wa vyuoni, wateja wake walilipa ili wamsikie.

David Tosh Gitonga alilielewa hili alipotengeneza Nairobi Half Life mwaka wa 2012. Mwas, kabla hajafika jijini, anauza filamu kijijini kwa kuwaigizia wateja matukio yake. Kwa hiyo steringi wa filamu hiyo anaanza kama mtazamaji anayewasimulia watazamaji wenzake. Anaingia uhalifuni, anawaona wenzake wakifa, na filamu inaishia jukwaani, yeye akiwa hai. Kanuni ya kibandani iliheshimiwa.

Papa Shirandula, iliyoanza kwenye Citizen mwaka wa 2007, iligusa magharibi ya jiji kwa namna nyingine. Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko hadi kifo chake Julai 2020, ni mlinzi anayemficha mkewe Wilbroda kazi yake halisi. Wengi wanaolala Kangemi na Kawangware hushinda wakilinda mageti ya Lavington, Kileleshwa na Westlands. Kwao swali halikuwa kama kichekesho kimesukwa vizuri. Swali lilikuwa: je, mtu akidanganya kwa sababu ya aibu ya kazi yake, amekosa? Hiyo ni falsafa ya maadili, na ilijadiliwa sebuleni bila mwenyekiti.

Hata sasa wapo wanaotaka kumhukumia mtazamaji kabla hajaona. Mwaka wa 2018 filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilipigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Mwongozaji alieleza kuwa alitakiwa kuubadilisha mwisho wake kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita ilivyotakiwa. Mnamo Septemba Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na watu wakapiga foleni Prestige, Ngong Road, hadi tiketi zikaisha. Tuache kando mabishano ya sheria na dini. Bodi na abiria wa matatu walishughulikia swali lilelile, yaani mwisho wa hadithi wapaswa kuwaje. Tofauti ni kwamba abiria alitaka kuiona kwanza.

Kwa nini haya yatusumbue leo? Kwa sababu ukumbi wenyewe unabomoka. Filamu sasa inatazamwa kwenye simu, spika zikiwa masikioni, kila mtu na episodi yake. Hatuwezi tena kujadili jana usiku kwa sababu hatukutazama kitu kimoja, na anayejaribu anaambiwa, “Wee, usinispoilie!” Wazee walioketi Globe, Odeon na Shan wanazeeka, na waliyoyasema wakitoka nje hayamo katika maktaba yoyote niijuayo.

Nina mapendekezo mawili. Idara za Kiswahili ziwatume wanafunzi wa uzamili wakarekodi kumbukumbu za watazamaji hao, pamoja na istilahi zao, kabla hazijatoweka. Na mwalimu wa fasihi anapofundisha Kigogo au Bembea ya Maisha, aanze kwa kuwauliza wanafunzi: steringi ni nani hapa, na je, mwisho wametuchezea? Hapo atagundua kuwa darasa lake limejaa wahakiki. Kazi itakayobaki ni kuwapa istilahi za mtihani, bila kuwanyang’anya zile walizokuja nazo kutoka nyumbani.