Mteja Ndiye Mtunzi

Wanaozizungumzia filamu za mashujaa wa kike wanaotekwa, wawe wanazicheka au wanazilaani, huzungumza kana kwamba zilizaliwa na intaneti. Mwanamke kavaa vazi la kubana, barakoa machoni, buti hadi gotini. Anawatwanga majambazi wawili watatu, kisha wanamzidi nguvu, wanamfunga kamba, na kamera inaganda hapohapo, dakika baada ya dakika, mahali ambapo sinema ya kawaida ingepapita mbio. Hazina bajeti, nyingine hazina hata utupu, na wanunuzi wake ni wachache wasiobanduka. Mimi nilikuwa nakodisha kanda za video Kariakoo zamani zile Tanzania Bara haina kituo cha televisheni, na kazi ile ilinizoesha kumtazama mteja kabla ya kuitazama picha. Ndiyo maana mwanzo wa mambo haya nauona kwenye barua ya mteja.

Barua hiyo iliandikwa mwaka 1943 na askari wa jeshi la Marekani, katikati ya vita. Ilihusu katuni za Wonder Woman. Askari alikiri kwamba yeye ni mmoja wa wanaume wanaosisimkwa na picha ya mwanamke aliyefungwa, na kwamba katuni ile ilikuwa inamgusa palepale. Mchapishaji, M. C. Gaines, ikamtia wasiwasi, akaipeleka kwa mwandishi.

Mwandishi alikuwa William Moulton Marston, mwanasaikolojia, mtu yuleyule aliyetangaza kwamba shinikizo la damu linaweza kumfichua mwongo. Wonder Woman wake alijitokeza mwishoni mwa 1941, akichorwa na Harry G. Peter, na tangu mwanzo habari zake zilijaa kamba na minyororo. Marston alimpa kamba ya dhahabu ya kuwafungia wengine, halafu akaweka sharti: mwanamume akiziunganisha bangili zake kwa mnyororo, nguvu zote zinamtoka. Josette Frank, mtaalamu wa vitabu vya watoto aliyekuwa mshauri wa kampuni, alipinga. Mhariri Dorothy Roubicek akatakiwa aandike orodha ya njia nyingine za kumzuia mwanamke bila mnyororo, na Gaines akamweleza Marston kwamba kwa orodha hiyo wangeweza kupunguza minyororo kwa asilimia 50 hadi 75 bila kuharibu uhondo. Ningependa kumwona karani aliyekabidhiwa kuhesabu pingu. Marston hakubadilika, yeye aliamini kwa dhati kwamba kumtii mwenye upendo ni elimu, na akaendelea hivyo hadi alipokufa mwaka 1947.

Kwa hiyo wanaosema kwamba mashabiki wamemchafua shujaa safi wa watoto wanaikosea historia. Walichokifanya ni kumsoma muumba wake kwa makini kuliko wengine.

Katuni, hata hivyo, haikupokea maagizo. Aliyepokea ni Irving Klaw, muuza picha wa Manhattan, Mtaa wa 14 Mashariki. Alianza na vitabu vilivyotumika. Alipoona vijana wanachana kurasa za magazeti ili waondoke na sura za nyota wa Hollywood, akaamua kuuza sura zenyewe. Dada yake, Paula, alisimama naye dukani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akajitokeza mteja mwenye fedha, aliyejulikana pale kwa jina la utani tu, akitaka picha za wanawake waliofungwa, ambazo hazikuwapo sokoni. Wakaafikiana: mteja alipie upigaji, apate picha zake, na Klaw abaki na haki ya kuwauzia wengine nakala.

Mpango huo ndio uti wa mgongo wa biashara mpaka leo. Mtayarishaji wa sasa wa filamu za mashujaa wa kike hupokea kutoka kwa shabiki muswada wa kurasa kadhaa: rangi ya vazi, maneno ya adui, dakika ngapi za mapambano, kamba ifungwe wapi. Shabiki analipa, anapata filamu yake, kisha ileile inawekwa dukani kwa wengine. Mkurugenzi ni fundi wa kuajiriwa; mtunzi ni mteja. Ukiona filamu ina kipande cha ajabu kisichoeleweka, ujue kuna mtu mahali fulani aliyekililia miaka.

Kwa Klaw kazi ya mikono ilikuwa ya Paula. Yeye ndiye aliyewafunga wanamitindo, akawapanga mbele ya kamera na mara nyingi akapiga picha mwenyewe. Bettie Page, aliyefika kwao mwaka 1952 na baadaye akawa maarufu kuliko wote, alifungwa na mwanamke, mbele ya mwanamke, kwa malipo ya saa. Utupu ulikatazwa kabisa; wanamitindo waliweza kutakiwa kuvaa nguo za ndani mbili ili pasionekane kitu. Klaw aliamini kwamba kwa kushika sharti hilo sheria isingempata. Vijifilamu vyake vya milimita 8 na 16, visivyo na sauti, vilisafiri kwa posta nchi nzima.

Na posta ndiyo iliyommaliza. Mwaka 1955 kamati ndogo ya Seneti chini ya Estes Kefauver, ileile iliyokuwa imeibana tasnia ya katuni mwaka uliotangulia, ilimwita New York. Klaw alikataa kujibu, akitumia haki yake ya kikatiba ya kutojitia hatiani. Bettie Page naye aliitwa, akakalishwa nje saa nyingi bila kuingizwa. Kikao hakikumfunga mtu jela. Lakini idara ya posta ikazuia barua zake, na muuzaji wa kwa posta asiyepata barua ni dau lisilo na maji. Alihangaika mahakamani, akahamishia sehemu ya biashara New Jersey, mwishowe akaamua kuteketeza picha na negativu. Paula alificha sehemu yazo kimyakimya. Picha nyingi za Bettie Page zinazochapishwa leo kwenye fulana na mabango zimetokana na ukaidi huo wa dada mtu, na nikiulizwa nani katika habari hii anastahili sanamu, nitamtaja yeye.

Mmoja wa wachoraji waliomfanyia kazi Klaw ni Eric Stanton. Kuanzia 1958 alipanga chumba kimoja cha kazi huko Manhattan na rafiki yake wa shule ya uchoraji, Steve Ditko. Ditko ndiye aliyechora Spider-Man wa kwanza mwaka 1962. Meza moja ilitoa kijana wa utando anayependwa na watoto wa dunia nzima; meza ya jirani ilitoa wanawake wenye mapaja ya chuma waliouzwa kwa siri. Miaka ya 1970 Stanton alimchora Blunder Broad, kejeli ya Wonder Woman ambaye kila mara hushindwa. Ukitafuta babu wa filamu za leo kwenye karatasi, ndiye huyo.

Televisheni ilileta mengine: Yvonne Craig akiwa Batgirl mwaka 1967, akinaswa mara kwa mara kwenye mitego ya kuchekesha, Lynda Carter akiwa Wonder Woman kuanzia 1975. Kisha ikaja mashine ya video, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusimamisha picha. Dukani kwangu kanda moja ya sinema ya kivita ilirudi daima ikiwa na michirizi mahali pamoja tu, pale shujaa wa kike alipotekwa. Sikumuuliza mkodishaji. Alikuwa mzee wa heshima, anaingia na salamu ndefu, na kanda aliirudisha kwa wakati kuliko vijana wote.

Kamera ndogo za video zikashusha gharama, intaneti ikaondoa bahasha, na mtu mmoja mwenye sebule, mwigizaji na cherehani akaweza kuwa studio. Hayo hayana haja ya kurefushwa. Lililo na uzito ni kwamba mlango alioupitia mkaguzi wa 1955 uko palepale, umebadilishwa kitasa. Posta ya leo ni kadi ya benki. Mwaka 2021 Mastercard ilitoa masharti, yaliyoanza kutumika Oktoba, kwamba benki zinazowahudumia wauzaji wa video za watu wazima zihakikishe kila anayeonekana amethibitishwa umri, kitambulisho na ridhaa. Agosti mwaka huohuo jukwaa la mtandaoni la OnlyFans lilitangaza kufuta maudhui ya ngono kwa sababu ya mabenki, siku chache baadaye likarudi nyuma. Masharti ya ridhaa nayaunga mkono bila kusita; mwigizaji ana haki hiyo. Ila hadithi ya shujaa aliyetekwa ni hadithi ya mtu asiyeridhia, hata kama mwigizaji ameridhia, amesaini na amelipwa, na mfumo unaopekua maneno hauwezi kutenganisha viwili hivyo. Ndiyo maana mtu mwenye studio ndogo humwogopa karani wa malipo kuliko hakimu.

Tishio jingine lilijionyesha Desemba 2017, pale uso wa Gal Gadot, Wonder Woman wa sinema, ulipopachikwa kwa kompyuta kwenye mwili wa mwigizaji wa ngono bila idhini ya yeyote kati yao. Ilikuwa miongoni mwa video bandia za kwanza za aina hiyo kuvuma. Mei 2025 Marekani ilipitisha sheria ya kuwataka wenye majukwaa waondoe picha kama hizo ndani ya saa 48 baada ya kuombwa. Sheria hiyo inamlinda mwenye uso. Mwigizaji ambaye uso wake haukuibwa, lakini kazi yake imekoma kwa kuwa mteja sasa anaiandikia akili mnemba agizo lake na kupata sura isiyo ya mtu, haimgusi. Nadhani hapo ndipo biashara itakatika vipande viwili. Wapo waliokuwa wakilipia picha tu, hao wataondoka. Wapo waliokuwa wakilipia kusomwa, yaani kuwe na mtu upande wa pili aliyepokea barua yao asicheke, akaenda kushona vazi. Hao hawatatosha kulisha studio zote zilizopo.

Wakati huohuo kalenda inasogea. Kwa hakimiliki ya Marekani, Wonder Woman wa 1941 ataachwa huru kwa umma tarehe 1 Januari 2037. Studio ambazo leo humpa jina la kupindishwa na kumbadilishia nyota za vazi zitaweza kumtumia mwenyewe, ingawa alama ya biashara itabaki kwa kampuni inayomchapisha na jina kwenye jalada bado litawaamsha wanasheria. Sharti la bangili Marston alilileta mwaka 1942. Kwa hilo watasubiri hadi 2038.